Jinsi ya kuomba kibali cha kupima ramani ya kontua (mistari ya vimo vya ardhi) ndani ya msitu wa hifadhi (anza na datamu)

Wakuu, nimetoka kumaliza hii kazi milima ya Uluguru, na kama unataka kupima ndani ya msitu wa serikali soma hapa kabla hujapeleka barua yoyote.

Ombi linaenda TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), maana Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali. Barua ya utambulisho, majina ya timu, orodha ya vifaa, ukipewa namba ya malipo unalipa na kutunza risiti, hayo mnayajua.

Kazi iko kwenye koodineti za eneo. Wengi tunazitoa kwenye zile ramani za zamani za 1:50,000 za Wizara ya Ardhi, na zile zimechorwa kwa datamu (msingi ambao koodineti zinahesabiwa kutoka kwake) ya zamani, Arc 1960, wakati GPS ya mkononi na simu yako vinasoma datamu nyingine, WGS84. Ukiziangalia namba zinafanana kabisa, zote ziko kwenye gridi ya mita ya UTM, kanda ya 37 kusini, ila ukizichanganya eneo lako linahama zaidi ya mita 300, na kwenye miteremko ile mita 300 zinakutoa msituni zinakuweka kwenye migomba ya watu. Sisi ofisi moja ilitupa pointi za mpaka bila kuandika ni datamu gani, barua ikarudishwa, tukaanza upya na masika ikawa imeshaingia. Inauma sana. Kwa hiyo fungua QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), ramani iweke EPSG:21037, yaani namba ya mfumo wa Arc 1960, ndo uihamishe kwenda EPSG:32737, ya WGS84, halafu chukua sehemu moja unayoweza kuifikia kwa miguu, mfano makutano ya vijito, ukasome GPS pale ulinganishe. Kila jedwali la koodineti liandike jina la datamu juu yake.

Droni ina ombi lake peke yake, TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) pamoja na Wizara ya Ulinzi, na ndo linachukua muda, lianze kwanza. Ila msitu ukiwa umefunga picha za droni zinakupa kimo cha vilele vya miti, ardhi haionekani, kontua inashuka ghafla penye mti ulioanguka ukadhani ni korongo. Data ya SRTM ya 2000, vimo vilivyopimwa kwa rada kutoka angani, nayo imebeba miti hivyohivyo. Ndo maana chini utahitaji totali stesheni (kifaa cha kupimia pembe na umbali), na totali stesheni inataka njia ya kuonea, kwa hiyo omba ruhusa ya kufyeka humohumo kwenye barua na utaje upana. Askari wa msitu alipokagua kibali chetu alienda moja kwa moja kwenye hicho kipengele.

Toa nakala kadhaa, moja muachie mwenyekiti wa kijiji mnapoanzia kupanda.