Gesi ya samadi haipandi kama unavyodhani

Ukiwauliza wafugaji wa Kibosho au Old Moshi, huku Kilimanjaro, wenye mtambo wa biogesi (ndiyo gesi ya samadi), wengi watakwambia gesi ikivuja jikoni hupanda na kutokea juu, penye paa. Hata mimi nilikuwa nafundisha hivyo, mpaka siku nilipokaa nikapiga hesabu.

Gesi zikiwa kwenye joto lilelile na mgandamizo uleule, ndoo ya hii ina molekuli nyingi sawasawa na ndoo ya ile. Mwanasayansi wa Italia, Avogadro, alilisema hilo mwaka 1811. Moli moja (fungu lenye idadi maalumu ya molekuli) ya gesi yoyote, kwenye nyuzi 0 na mgandamizo wa usawa wa bahari, hujaza takriban lita 22.4. Huku kwetu mlimani hujaza zaidi kidogo, ila uwiano ni uleule. Ujazo haubagui, uzito ndio unaobagua: moli ya methani, gesi inayowaka ndani ya biogesi, ina gramu 16, ya hewa tunayovuta kama 29, ya hewa ukaa 44.

Sasa biogesi si methani tupu. Mtambo wenye afya hutoa methani kama asilimia 60, na karibu yote inayobaki ni hewa ukaa. Changanya: asilimia 60 ya 16 ni 9.6, asilimia 40 ya 44 ni 17.6, jumla unapata gramu 27.2 kwa moli. Imeizidi hewa kwa wepesi kidogo mno! Ukiulisha mtambo kupita kiasi methani ikashuka hadi asilimia 50, unapata 30, na gesi hiyo huelekea sakafuni ilhali bado inawaka.

Kwa hiyo tundu la juu peke yake halitoshi, acha na mwanya chini ya mlango. Kama jikoni humo kuna pia mtungi wa gesi ya dukani, mwanya huo ni lazima, maana gesi zilizomo, propani na butani, moli zake ni gramu 44 na 58. Viungo vya bomba vipake maji ya sabuni, usubiri. Mapovu yakivimba, funga koki. Kiberiti hapana, hata kama baba mwenye nyumba anasema ndivyo anavyopima miaka yote.

Na shimo la tope linalotoka mtamboni usishuke. Hewa ukaa hulala humo, pamoja na ile gesi yenye harufu ya mayai viza (moli yake gramu 34), ambayo ikizidi pua haiisikii tena. Kuku akitumbukia, mvue kwa upembo ukiwa umesimama juu. Asipofikiwa, huyo kuku amekwenda.