Namna ya kuandika pendekezo la kubadili Katiba ya Zanzibar

Majirani hunijia na malalamiko ya kurasa tatu, nami huwauliza: mnataka ibara gani ibadilike? Basi anza hapo. Chukua Katiba ya 1984 yenye Marekebisho ya 10 ya mwaka 2010. Nakala ya zamani itakupoteza, maana haina Makamu wa Kwanza wa Rais.

Andika namba ya ibara, nakili maneno yake yalivyo, kisha chini yake maneno unayotaka. Tuseme shida yako ni ibara ya 39, inayohusu uteuzi wa Makamu wa Rais. Mwaka 2016 CUF, chama cha upinzani kilichokuwa kikitoa Makamu wa Kwanza, kilisusia uchaguzi wa marudio, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa bila mtu hadi Desemba 2020. Usiandike "serikali ya umoja iimarishwe"; hayo ni maneno ya jukwaani. Andika: "Chama chenye haki ya kupendekeza jina kisipofanya hivyo ndani ya siku 30, basi..." Hiyo "basi" ndiyo kazi yenyewe. Nani ateuliwe, na ateuliwe na nani? Kaa nayo hata wiki.

Sababu ziwe fupi, aya moja yatosha. Siasa za Muungano weka kando, ila kama ibara yako inagusa Katiba ya Jamhuri ya Muungano.

Kisha mpelekee mwakilishi wa jimbo lako, mkononi. Mabadiliko yanahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na baadhi ya ibara lazima pia zipigiwe kura ya maoni, kwa hiyo mwombe akuambie yako iko kundi gani.