Huyu ni mraibu wa simu au anaipenda tu? Jinsi ya kupima

Mimi ni fundi simu, si daktari. Ila swali hili hunifuata mezani: mtoto anasubiri kioo kibadilishwe, macho hayabanduki kwenye simu yake, na mama anainama kunong'ona, "Fundi, huyu si mraibu?" Humwambia tuiulize simu kwanza.

Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya muda wa matumizi. Simu nyingi za siku hizi zinayo. Watu hukimbilia jumla ya saa, hiyo iache. Saa nane za mtu anayefanyia kazi kwenye simu si sawa na saa tatu za mtu anayekesha nayo na kesho ana mtihani. Tazama ni programu zipi zinazokula muda, halafu tazama simu imefunguliwa mara ngapi kwa siku. Hapo ndipo pana habari. Anayefungua, akakuta hakuna ujumbe, akafunga, na baada ya dakika mbili akafungua tena, hatafuti kitu. Ni mkono tu umeshazoea.

Sasa, je, ni ugonjwa? Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, kundi moja na uraibu wa kamari. Intaneti kwa jumla na mitandao ya kijamii haikupewa ugonjwa wake humo. Madaktari wa akili wa Marekani nao, katika mwongozo wao wa DSM-5 wa mwaka 2013, waliiweka michezo ya intaneti kwenye mambo ya kuchunguzwa zaidi. Kwa hiyo anayeapa kwamba simu ni sawa na dawa za kulevya anatia chumvi, na anayesema ni uvivu tu wa vijana naye simwamini.

Vigezo vya ICD-11 kwa michezo ni hivi: mtu hawezi kujizuia, mchezo umepanda juu ya mambo yake mengine yote, na anaendelea ingawa madhara anayaona. Tena maisha yawe yameharibika kweli, iwe ni masomo, kazi au nyumba, na kwa kawaida hali iwe imedumu kama miezi 12. Wiki mbili za likizo hazihesabiki. Mimi huyaazima maswali hayo hata kwa asiyecheza mchezo wowote. Ukisema utaizima saa nne usiku, huwa unaizima? Kuna kitu ulichokipenda ambacho sasa hukigusi? Umeshadanganya kuhusu muda unaotumia? Jibu peke yako, bila mtu wa kumfurahisha.

Majibu yakikutisha, anza na chaji. Mteja akitaka waya mrefu namuuliza, "Unafika kitandani?" Wengi hucheka, maana unafika. Tundu za chaji ninazotengeneza mara nyingi zimelegea kwa sababu mtu hulala ubavu na simu ikiwa kwenye umeme. Chaji simu chumba kingine. Ukisema inakuamsha asubuhi, nunua saa ya kengele.

Kisha zima arifa zote, ubakize simu zinazopigwa na ujumbe wa watu unaowajua. Zima pia video zinazojianzisha zenyewe. Ule ukurasa wa mitandaoni usiofika mwisho, unaoushusha ukazidi kuleta mapya, ulibuniwa makusudi. Aza Raskin, aliyeubuni mwaka 2006, baadaye alijutia kazi yake. Usijilaumu peke yako, basi, lakini usimsubiri yeye aje kukuzimia.

Kwa mtoto, usimpokonye simu katikati ya mchezo. Kubalianeni muda kabla hajaanza, na wewe mzazi weka yako mezani pia. (Hapa ndipo wazazi wengi hukumbuka ghafla kwamba wana haraka.)

Jaribu hivyo wiki chache. Ukiona unashindwa kila mara, au usingizi, shule na kula vimevurugika, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Mara nyingine chini ya simu kuna huzuni, wasiwasi au upweke, na hivyo fundi hana bisibisi yake. Piga picha ile ripoti ya matumizi ya wiki nzima uende nayo, kwa sababu ukiulizwa saa kwa kukisia utataja chache.