Kabla hujaagiza swichi: maandalizi ya kuunda kibodi yako mwenyewe

Mtu anayeandika Kiswahili kutwa hupiga herufi a kuliko herufi nyingine yoyote. Kwenye kibodi ya kawaida ya QWERTY, a iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kabisa. Q na x, ambazo Kiswahili sanifu hakizihitaji, nazo zimekaa kwenye nafasi zao kama kawaida. Nimeanza hapa kwa makusudi. Wengi wanaotaka kuunda kibodi ya mekanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake, huanzia kwenye picha za kofia za vitufe zenye rangi za kupendeza, wakaagiza, kisha ndipo wanajiuliza vidole vyao vinataka nini. Anza na vidole.

Jipe wiki moja. Weka daftari kando ya kompyuta na uandike kila mara mkono unapolazimika kuhama mahali pake: ukifuata namba, ukifuta neno, ukitafuta mabano. Daftari langu lilinionyesha kwamba ritifaa ni kitufe cha lazima kwangu, kwa ajili ya ng'ombe, ng'ambo, kung'aa na kung'ang'ania. Baadhi ya kibodi zenye vitufe 40 hivi huificha kwenye tabaka la pili, ikawa unabonyeza vitufe viwili kila unapoihitaji. Kwa hiyo niliamua kuwa na vitufe 60, safumlalo 5 kwa safuwima 12, na ritifaa ikapewa kitufe chake. Wewe huenda ukahitaji 42 au 87. Muhimu ni kwamba idadi hiyo itoke kwenye daftari lako, si kwenye picha uliyoipenda.

Idadi ikishajulikana, chora kwa vipimo halisi. Swichi za aina ya Cherry MX, na zile nyingi zinazoiga umbo lake, hupangwa kwa umbali wa milimita 19.05 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya kinachofuata, yaani robo tatu ya inchi. Vitufe 12 vinachukua milimita 228.6, kwa hiyo mchoro unaenea kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa. Ongeza kwenye mchoro mstari wa milimita 100, chapa, kisha upime mstari huo kwa rula, maana printa nyingi hupunguza ukubwa kimyakimya ili kila kitu kiingie kwenye ukurasa. Bandika karatasi kwenye kadibodi na uweke mikono juu yake siku mbili tatu. Jifanye unaandika. Kiganja kikikwama, kidole gumba kikikosa pa kutua, hapo marekebisho ni ya penseli na kifutio tu. Bodi ya saketi, ule ubao unaounganisha swichi zote, ikishachapwa huko Shenzhen, China, marekebisho ni oda nyingine na wiki nyingine za kusubiri mzigo, pamoja na ushuru na VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya.

Kuhusu swichi zenyewe sitakaa sana, kwa sababu hapo ladha ya mtu ndiyo inayoamua. Zipo zinazoshuka moja kwa moja, zipo zenye kigugumizi kidogo katikati, na zipo zenye mlio. Kama unaandika usiku na nyumbani kuna mtoto amelala, ziache za mlio. Ila angalia uzito wa springi. Nyingi za kawaida zinataka nguvu ya takriban gramu 45 kubonyea, na zipo za gramu 35. Si lazima kibodi nzima iwe na uzito mmoja. Ukiweka nyepesi kwenye a, kidole kidogo kitaona tofauti ifikapo jioni.

Sasa sehemu ambayo kosa lake huumiza zaidi: umeme. Kidhibiti, ile chipu inayosoma vitufe na kuiambia kompyuta, hakina miguu (pini za kuunganishia) 60. Kwa hiyo vitufe hupangwa kama gridi, na kila kimoja hukaa mahali safumlalo moja inapokutana na safuwima moja. Safumlalo 5 na safuwima 12 zinahitaji miguu 17 tu. Bodi ndogo ya Pro Micro, yenye chipu ya ATmega32U4, inatoa miguu 18 ya kutumia. Nilibakiwa na mmoja. Ukitaka kuongeza kinobu cha sauti, ambacho huhitaji miguu miwili, umekwama. Raspberry Pi Pico, bodi nyingine ndogo ya aina hiyo, ina miguu 26 na inakupa nafasi ya kupumua. Fanya hesabu hii kabla ya kununua, na andika kwenye karatasi mguu upi unashika safu ipi.

Gridi hiyo inahitaji daiodi moja, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa kila kitufe. Bila daiodi, ukishikilia vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili, kidhibiti kitaona na cha nne kimebonyezwa, na herufi ambayo hukuigusa itatokea kwenye skrini. 1N4148 inatosha, ni ya bei rahisi, na mafundi wa redio wanaifahamu. Agiza 70 kwa vitufe 60, kwa sababu zitapotea chini ya meza. Shika moja karibu na macho: kijichupa chekundu cha kioo, na upande mmoja una pete nyeusi. Pete zote 60 lazima zielekee upande mmoja. Mimi huzipanga mezani kwanza, pete kulia, kabla hata ya kukunja miguu yake.

Ukichora bodi yako kwa KiCad, programu ya kuchorea saketi, na kuweka tundu la USB-C bila kutumia kidhibiti kilichokamilika, usisahau rezista mbili za kilo-ohm 5.1, moja kwa kila mguu wa CC, ile miguu miwili ya tundu inayoijulisha kompyuta kwamba kuna kifaa. Bila hizo, kibodi itafanya kazi kwa kebo ya USB-A kwenda USB-C, lakini kwa kebo ya USB-C kwenda USB-C kompyuta haitaipa umeme, na utaitafuta hitilafu mahali ambapo haipo.

Halafu kuna kimo. Hili lilinigharimu bodi nzima. Kati ya bamba linaloshika swichi na bodi ya saketi, swichi za MX zinaacha uwazi wa milimita 3.5 hivi, kama bamba lina unene wa milimita 1.5. Nilikuwa nimepanga kidhibiti kilale humo ndani, juu ya bodi. Mchoro wangu uliangalia kutoka juu tu, na kutoka juu kila kitu kilikaa vizuri. Vifaa vilipofika, kidhibiti pamoja na tundu lake la USB vilizidi uwazi ule na bamba halikukaa. Siku hizi nachora na upande, hata kwa mkono: meza, kasha, bodi, uwazi, bamba, kofia, na kimo cha kila kimoja kwa milimita.

Tundu la swichi kwenye bamba ni mraba wa milimita 14. Kabla ya kukata bamba lote, mwombe fundi wa leza akate kipande cha majaribio chenye matundu matatu, 13.9, 14.0 na 14.1, uone lipi linabana. Kama ana akriliki ya milimita 3 tu, vishikizo vya swichi havitashika vizuri, hivyo chukua swichi za miguu mitano ambazo bodi yenyewe huzishikilia.

Vifaa vya mkononi ni vichache: kalamu ya kulehemu inayodhibitiwa joto, risasi ya kulehemia, fluksi, multimita, kibanio chembamba. Weka joto kati ya nyuzi 320 na 350, fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula.

Wakati mzigo uko safarini, andaa programu itakayoendesha kidhibiti. QMK ni ya bure na inakubali Pro Micro na Pico. Ipakie kwenye kidhibiti kikiwa kitupu mezani, kisha gusisha mguu wa safumlalo na wa safuwima kwa kipande cha waya. Herufi ikitokea, programu yako ni nzima hata kabla hujalehemu chochote. Bodi ikifika, lehemu daiodi na kidhibiti tu, kisha pita na kibanio kwenye kila jozi ya matundu ya swichi. Kitufe kimoja kikinyamaza, tazama daiodi yake. Safu nzima ikinyamaza, tazama mguu wa kidhibiti. Maliza kazi hiyo kwa vitufe vyote 60 ndipo uweke swichi, kwa sababu zikishalehemiwa zinalifunga bamba na bodi kwa pamoja, na kuufikia mguu mmoja mbovu itabidi uzing'oe zote.