Somo: Kuondoa harufu ya mkojo kwenye choo cha familia, hatua kwa hatua

Habari za leo wapendwa. Somo hili limeombwa sana, na ninalileta kwa ajili ya nyumba zetu za kawaida: choo na bafu chumba kimoja, watoto, wageni, pengine na mzee, wote wanaingia humo humo. Watu wanadeki kila siku, wanamwaga dawa ya kunukia, na bado mgeni akifungua mlango anakutana na harufu. Mara nyingi tatizo si uvivu wa mtu. Mkojo umejificha mahali ambapo dekio halifiki, na dawa inayotumika si ya kazi hiyo.

Mkojo ukitoka mwilini hauna harufu kali. Ndani yake mna urea, ile ile inayouzwa kama mbolea ya kukuzia. Bakteria wa chooni wanaivunja, inatoka amonia, na amonia ndiyo inayochoma pua asubuhi. Halafu mkojo una chumvichumvi zinazoganda, hasa kwa sisi tunaotumia maji ya kisima, zikawa ukoko wa manjano. Ukoko huo hautoki kwa sabuni. Jik nayo inaufanya uwe mweupe tu, ukadhani umeondoka, kumbe upo palepale na unaendelea kunyonya mkojo mpya. Kinachouyeyusha ni kitu kichachu: siki nyeupe, au unga wa ndimu unaouzwa kwenye maduka ya viungo.

Andaa glavu, ndoo mbili, sabuni ya maji, siki au unga wa ndimu, brashi ya kawaida, mswaki wa zamani na matambara makavu. Fungua dirisha.

Hatua ya 1. Tafuta chanzo kabla ya kumwaga chochote. Chuchumaa, kwa sababu harufu iko chini kuliko pua ya mtu aliyesimama. Washa tochi ya simu, imulike kwa ubavu kwenye ukuta ulio karibu na sinki la choo. Matone yaliyokauka utayaona yanang'aa. Angalia bawaba za kiti, chini ya kiti, nyuma ya sinki, mistari kati ya malumalu, sehemu ya chini ya mlango kama ni wa mbao, na brashi ya choo yenyewe pamoja na kikopo chake. Kile kikopo huwa kinasahaulika, na mara nyingi kina maji machafu ya wiki nzima.

Hatua ya 2. Toa kila kitu kinachonyonya: zulia, kitambaa cha mfuniko, kandambili za chooni. Fua kwa sabuni, loweka kwenye maji yenye siki nusu saa, anika juani.

Hatua ya 3. Mwagia maji mengi ya kawaida sakafuni na ukutani, kisha sugua kwa sabuni na usuuze. Usiruke hatua hii. Siki haifanyi kazi vizuri juu ya mafuta na uchafu, na Jik ikimwagwa juu ya mkojo ambao haujasuuzwa hutoa hewa inayoumiza macho na kifua.

Hatua ya 4. Sasa siki. Kwa unga wa ndimu, koroga vijiko vikubwa viwili kwenye lita moja ya maji ya moto. Lowesha kwanza mistari ya malumalu kwa maji matupu ili uchachu usizame ndani ya sementi, kisha paka siki, acha dakika kumi, sugua kwa mswaki, suuza. Ndani ya sinki ni tofauti, hapo kaa na subira: punguza maji yaliyomo, bandika matambara yaliyoloweshwa siki chini ya ukingo, acha usiku kucha. Asubuhi ukoko utakuwa umelainika. Usimwage maji yanayochemka ndani ya sinki, linaweza kupasuka. Na kama sakafu yako ni ya terazo au marumaru halisi ya jiwe, usitumie siki kabisa, italiwa na kupoteza mng'ao. Tumia sabuni na maji ya moto.

Hatua ya 5. Chini ya sinki. Hapa ndipo nyumba nyingi zinashindwa, nami nawaomba mpaangalie kwa makini. Mafundi wengi wanakalisha sinki kwa sementi nyeupe. Baada ya muda inapata nyufa, mkojo unapenya, na hata ukideki mara tatu kwa siku huwezi kuufikia. Kwangua sementi iliyolegea kwa bisibisi, mimina siki kwenye ufa, subiri, suuza, kisha paache pakauke kabisa. Halafu ziba kwa silikoni ya bafuni. Nyuma ya sinki acha nafasi ndogo bila kuziba, ili siku bomba la chini likivuja uone maji sakafuni mapema. Sinki likitikisika ukilikalia, usizibe. Mwite fundi bomba kwanza.

Hatua ya 6. Kausha. Bakteria wanapenda unyevu, kwa hiyo choo kinachokauka kati ya mtu na mtu hakinuki kama kile kinacholala na maji. Kibrashi cha mpira cha kusukumia maji ni kifaa kizuri kuliko dawa yoyote ya kunukia.

Kuhusu Jik, naomba kila mmoja asome mara mbili. Usiichanganye na siki, ndimu, wala dawa ya choo yenye tindikali. Inatoa gesi ya klorini, na choo chenye dirisha dogo kinajaa haraka. Ukitaka kuua vijidudu kwa Jik, ifanye siku nyingine, baada ya kusuuza siki yote. Ikitokea mmechanganya na mtu akaanza kukohoa, tokeni nje wote, acheni mlango wazi, na kama kifua kinabana mpelekeni hospitali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, mimi nimefanya yote, choo kinang'aa, lakini jioni harufu inarudi.

Jibu: Mpenzi, angalia tundu la maji sakafuni. Chini yake kuna mtego, bomba lililopinda linaloshika maji ili hewa ya shimo isipande. Bafu lisilotumika sana, maji hayo hukauka na harufu inapita moja kwa moja. Mimina ndoo ya maji hapo usiku. Asubuhi pakitulia, umepata jibu, endelea kumimina kila wiki. Pasipotulia, huenda fundi hakuweka mtego kabisa, na hilo hutokea.

Swali: Kijana wangu ana miaka minne, anakojoa kila mahali isipokuwa ndani. Nimechapa mpaka nimechoka.

Jibu: Mama, usimchape. Urefu wake haujafika. Mwekee kigoda, au mfundishe kukaa kama dada zake, na mpe kopo la maji amwagie mwenyewe akimaliza. Mtoto anayeogopa kuchapwa atajificha kukojoa kwenye kona ya bafu.

Swali: Shikamoo dada. Baba mkwe anaishi nasi, hawahi kufika chooni. Naona aibu kumwambia.

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimwambie habari ya harufu, atakonda kwa mawazo. Mwombe mumeo azungumze naye. Mzee anayeamka mara nyingi usiku, au mkojo unaotoka kidogo kidogo, apelekwe akapimwe tezi dume. Na akiwa na kiu isiyoisha, apimwe na sukari. Wakati huo mwacheni na taa ya usiku na kopo lenye mfuniko karibu na kitanda. Asipunguze maji ya kunywa mchana kwa kuogopa chooni, kwa sababu mkojo mzito ndio unaonuka zaidi.

Swali: Vile vidonge vyeupe vya kabatini, nikiweka chooni si vinamaliza kazi?

Jibu: Hapana, naomba uvitoe leo. Mara nyingi ni nafthalini, sumu kwa mtoto atakayedhani ni pipi, na watoto wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao huku kwenye malaria si wachache, hata mvuke wake unaweza kuharibu chembe zao za damu. Zaidi ya hayo, mkojo unabaki ulipo.

Swali: Sisi tumepanga, choo cha kuchuchumaa, sakafu ya sementi, familia nne, na maji ni ya mgao.

Jibu: Siki itakula sementi, iache. Tumieni maji ya moto yenye sabuni ya unga na magadi, mkisugua kwa fagio gumu, Jumamosi kwa zamu. Maji ya kufulia msiyamwage, yawekeni kwenye pipa nje ya mlango na kopo lake, kila atokaye amwagie sakafuni kuelekea tundu. Mwenye nyumba mwombeni apige niru (tabaka laini la sementi la juu) sehemu ya kukanyagia, kwa sababu sementi iliyochubuka itanyonya mkojo hata mkisugua kila siku. Mkichangia mfuko mmoja wa sementi kati yenu wanne, huenda akakubali kumlipa fundi.