Kucheza chesi na aliyekuzidi: mwongozo kwa wachezaji wa Kisumu

Mashindano yakifanyika hapa Kisumu, vigogo huja kutoka Nairobi. Raundi ya kwanza ya mfumo wa Uswisi (mashindano yasiyomtoa aliyefungwa) hukutanisha nusu ya juu ya orodha na nusu ya chini, kwa hiyo mwenye reti (namba ya kiwango cha mchezaji) ya 1500 huweza kuketi mbele ya mwenye 1900. Kwa pengo la 400, hesabu ya Elo, inayotumika kupanga reti, inakutarajia upate takriban pointi 1 (ushindi ni 1, sare ni nusu) katika michezo 11. Pointi hiyo hutafutwa hivi.

Hatua ya 1. Fungua kwa unachokijua. Ukiwa na nyeupe, mfumo wa London (askari d4, askofu f4, askari e3, farasi f3, askari c3; herufi ni safu, namba ni mstari) unatosha kabisa.

Hatua ya 2. Usikimbilie kubadilishana kete. Vijana wengi hudhani ubao ukibaki mtupu, sare itakuja yenyewe. Wanakosea: mwisho wa mchezo ndipo mjuzi anapowazidi zaidi. Toa kete yako iliyozubaa, uchukue yake inayokusumbua.

Hatua ya 3. Kila anaposogeza kete, weka mikono chini ya meza ujiulize anatishia nini. Ukigusa kete yako na inaweza kusogea kihalali, lazima uisogeze. Asikuharakishe, dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kila unaposogeza ni zako pia.

Hatua ya 4. Hii ikariri hadi uiote. Umebaki na mfalme na ngome, yeye ana mfalme, ngome na askari mmoja. Ni sare, ukijua ulinzi wa Philidor, Mfaransa wa karne ya 18. Tuseme una nyeusi: mfalme wako e8, ngome a6, mfalme wake d5, ngome yake h7, askari wake e5. Ngome yako ikae mstari wa 6 ikimzuia mfalme wake kupanda, wala usiitoe hapo askari akiwa bado e5. Akisukuma hadi e6, ishushe mara moja hadi a1, uanze kumpiga cheki kwa nyuma. Askari wake amekalia mahali ambapo mfalme angejificha. Weka kete mezani, ujaribu pande zote mbili.

Hatua ya 5. Ukitaka sare, sogeza kete kwanza, tamka ombi, ndipo ubonyeze saa.

Mchezo ukiisha, hata umefungwa, mwombe mwenzako mupitie karatasi ya mchezo pamoja. Mwombe papo hapo, kabla hajaanza raundi nyingine au kukimbilia basi la Nairobi.