Ukila saa nne usiku afu saa nne na nusu ushalala, usilaumu godoro

Mi nipo Mwanga hapa Kigoma, kwa muda mrefu nilikuwa naamka saa nane usiku kifua kinawaka, mdomo mchungu, nikabadili mto, nikabadili godoro, kumbe shida ipo kwenye sahani. Na sio chakula chenyewe sana, ni saa. Nafunga kibanda saa tatu, nafika home nagonga ugali wa muhogo wa kushiba na samaki mgebuka wa mawese, robo saa nyingi nipo kitandani. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni, sasa ukijilaza na tumbo limejaa asidi inapanda kooni, usingizi utatoka wapi?

Kwa hiyo acha masaa mawili matatu kati ya kula na kulala. Najua mtasema kazi haziruhusu, hata mimi haziruhusu, nilichofanya ni kugeuza ratiba tu, ule ugali na mgebuka nakula mchana, saa kumi na mbili jioni nakula ndizi za kuchemsha hapohapo kibandani, nikifika home ni kikombe cha uji basi. Usilale njaa kabisa lakini, njaa nayo inaamsha.

Afu kahawa. Vile vikombe vidogo vya barazani Ujiji vinadanganya, unajikuta umepiga vinne na stori hazijaisha. Kafeini, ile kitu ya kwenye kahawa inayofukuza usingizi, inachukua kama masaa matano hivi mpaka nusu yake itoke mwilini, wengine zaidi, so uliyokunywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado nusu unayo. Chai ya rangi nayo inayo, watu wanasahau, na zile energi wanazokunywa bodaboda ndo usiseme. Mi mwisho wangu saa nane mchana, jioni nikitaka cha moto nachemsha mchaichai mtupu bila majani ya chai.

Bia inalaza haraka kweli, ila usiku wa manane ndo inakukatia usingizi, hapo bado hujaamka kukojoa. Hata maji kunywa ya kutosha mchana, usiku piga funda mbili tatu.

Siku ukichelewa kula usijilaze hapohapo, osha vyombo, zungukazunguka uani, ukilala lalia ubavu wa kushoto, asidi haipandi sana. Kama kiungulia kinarudi kila wiki, au chakula kinakwama ukimeza, au unapungua tu bila sababu, hiyo sio ya kujitibia, nenda hospitali.

Na kichwani inua kitanda chenyewe kama sentimita 15, sio kupanga mito, mito inakukunja tumbo. Mi nimeweka matofali ya kuchoma yaliyobaki tulipojenga choo, wiki ya kwanza nilikuwa nateleza mpaka miguuni, sasa hivi nimezoea.